Bunduki ya Baba na Sahani ya Karatasi

Jumapili, 13 Septemba 1987

Anko Leland kaharibu chakula cha mchana leo. Na pai ya nyama ya Shangazi Alphonsine ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupika! Tumetoka kanisani, tumekaa, Baba kajifunga kitambaa kifuani. Leland akakohoa. Akikohoa vile ujue kuna hotuba.

Kasema mwaka huu kwenye kambi yetu ya uwindaji kuna sheria mpya. Jioni ya kuamkia ufunguzi wa msimu wa kulungu, kila mtu atapiga risasi tatu kwenye sahani ya karatasi, yadi mia moja. Zikiingia zote, asubuhi unakwenda msituni. Ikikosa hata moja, unabaki kambini kupika maharage.

"Sheria ya kila mtu?" Baba akauliza.

"Ya kila mtu, shemeji."

"Si ungeiandika jina langu kabisa, usijisumbue kuzunguka."

Shangazi akampiga mumewe teke chini ya meza. Nililisikia. Mumewe akaendelea kutafuna.

Sote tunajua imetoka wapi. Mwaka jana kulungu dume alisimama mbele ya Baba ubavu-ubavu, kama anasubiri mpiga picha. Baba akamkosa. Na kambini kwetu anayekosa anakatwa mkia wa shati, unapigiliwa msumari ukutani pamoja na jina lake. Ana miaka sabini na tisa, Baba, Ovila Gagnon mwenyewe, na kabla ya siku ile hajawahi kukatwa shati. Siku ile alicheka pamoja na wenzake. Nilimwona jinsi alivyocheka, na sikupenda.

Yeye anasema kosa ni la risasi. Bunduki yake ni ya leva, mkono wa chini wa kukokea, ile ya kipimo cha 38-55 aliyoinunua babu mwaka 1903, na risasi za zamani, zile nzito, hazipatikani tena kirahisi. Mwaka jana nilimnunulia boksi la nyepesi, punje mia mbili — uzani wa risasi tunaupima kwa punje, tangu enzi za punje za shayiri. "Nyepesi kama bisi," anasema. "Upepo tu unazichukua."

Basi nikasema pale mezani, mdomo umejaa: nitajaribu kila uzani mpaka nipate ule bunduki inaoutaka. Leland kasema bunduki haina mdomo wa kuchagua chakula. Tutaona!

Najua jambo moja ambalo Baba hakulisema. Akiambiwa abaki na maharage, haji kambini kabisa. Na asipokuja kambini Novemba, sijui miezi mingine atakuwa anangojea nini.


Jumanne, 15 Septemba

Nimemaliza zamu ya lori la maziwa mapema. Nimeyeyusha risasi kwenye banda la kuchemshia shira ya miti ya mepo, madirisha wazi, nimevaa miwani kama mchomea vyuma. Kalibu mbili ni zangu, ya punje 200 na ya 255. Ya 220 nimeazima kwa Hollis, mtoto wa Leland. Kanipa nyuma ya ghala huku akiangalia kushoto na kulia, utadhani ananiuzia pombe haramu. Kasema akiulizwa hanijui. Mimi binamu yake!

Zimetoka safi, zinang'aa. Nazipenda zinapodondoka kutoka kwenye kalibu, bado moto, nzito kuliko zinavyoonekana. Nimechoma kidole gumba.


Jumamosi, 19 Septemba

Jaribio la kwanza. Meza kwenye malisho ya nyuma, viroba viwili vya mchanga, ubao kule yadi mia. Ng'ombe wa jirani wamekuja kwenye waya kutazama.

Mimi napiga, Baba anaangalia kwa darubini na kutangaza. Kasema mkono wangu umetulia kwa sababu ya usukani. Sawa.

Ana kanuni yake: anza na nyepesi, malizia na nzito. "Kama mlo," kasema. "Nani anaanza na nyama akamalizia na supu?" Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na hivyo ndivyo alivyonifundisha.

Matokeo — punje 200: zote tatu karibu-karibu, unazifunika kwa kikombe. Punje 220: zimepanda juu, zimetawanyika. Punje 255: mbili kwenye ukingo wa sahani, moja kwenye ubao mtupu. Aibu.

Baba kaondoa jicho kwenye darubini. "Nzito ndizo alizokuwa akitumia baba yangu."

"Labda mtutu umechakaa, Baba."

"Mtutu haujachakaa. Mimi ndiye nimechakaa." Kisha akacheka, akaniambia nifunge boksi.

Tatizo naliona wazi. Kama nyepesi ndiyo bora, basi risasi za mwaka jana hazina kosa. Na kama hazina kosa, Leland ana haki. Sitaki Leland awe na haki. Ni dhambi labda, lakini sitaki.


Jumamosi, 26 Septemba

Tena. Nimebadili nta ya kupaka risasi, nimebadili baruti, nimevaa sweta nene bunduki isinisumbue begani. Matokeo yale yale! Supu nzuri, nyama mbovu. Ya mwisho ya punje 255 hata ubao haikuupata. Baba katangaza, "Imevuka mpaka, imekwenda Kanada."

Nimerusha kofia chini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na bunduki nzee ya babu yangu haijali hata kidogo. Baba kaokota kofia, kaikung'uta, kanivisha.


Jumatano, 30 Septemba

Kila shamba ninaloingia kuchukua maziwa wameshasikia. Kwa akina Lacasse mzee kaniuliza kama ni kweli Ovila atapikia kambi mwaka huu, maana maharage yake ya miaka ya nyuma yalikuwa na mawe. Mkewe kamwambia aache. Nikajibu kwamba mwaka huu atakuwa na kulungu, wataletewa paja. Nimelisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Niliporudi kwenye lori nikajiuliza mdomo huu nimerithi kwa nani.

Kwa Baba, bila shaka.


Jumamosi, 10 Oktoba

Leo! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Mepo zote nyekundu, baridi kavu, hakuna upepo. Nimepiga za punje 200, nzuri kama kawaida. Nimepiga za 220, ovyo kama kawaida. Nimeshika ya kwanza ya 255, nikaona gari la Shangazi Alphonsine linakatiza malisho. Katoka na kikapu: donati za moto na chupa ya sharubati ya tufaha. Kasema Leland anadhani yuko kwenye kamati ya kanisa.

"Unamdanganya mumeo?" Baba akamuuliza dada yake.

"Simdanganyi. Nilisema kamati. Sisi watatu si kamati?"

Tukala. Tukaongea kama saa nzima. Shangazi kasimulia alivyompenda Leland: aliingia ukumbi wa dansi, akawakanyaga watu wawili kabla hajamfikia yeye, na bado akawa mchezaji bora kuliko wote waliokuwepo. Baba akasema huyo mtu bado anakanyaga watu, ila siku hizi hachezi. Nilicheka hadi sukari ikanipanda puani.

Kisha Baba akasema haya, malizia nyama yako.

Nikapiga tatu za 255. Baba hakubanduka kwenye darubini. Nikamuuliza zimekwenda Kanada? Akasema nije nione mwenyewe.

Zimegusana. Zote tatu! Kama mayai kwenye kiota, katikati ya sahani.

"Ni donati," Shangazi kasema.

"Ni donati," Baba kakubali, na alikuwa haoneshi utani.

Mimi nikaweka mkono kwenye mtutu kwa bahati tu, kuuinua. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Mara zote nikifika kwenye nzito mtutu unaunguza, kwa sababu umeshapigwa mara sita mfululizo. Leo ulikuwa umepumzika muda wote wa donati.

Basi nikaona. Bunduki ya leva ina mtutu juu na bomba la kuwekea risasi chini yake, vimefungwa pamoja kwa pete za chuma, kama maksai wawili nirani. Mtutu ukipata moto unarefuka, bomba haliupi nafasi, vinavutana. Risasi inapanda na kutangatanga. Haikuwa nzito wala nyepesi! Ilikuwa ni zamu. Inayopigwa mwisho ndiyo inayoonewa.

Tumeijaribu kama mlo miaka yote hii. Babu, Baba, na mimi. Na msituni, risasi inayompata kulungu ni ile ya kwanza, ya mtutu baridi. Hakuna aliyekuwa akiipima hiyo.

Baba kakaa kwenye kiroba cha mchanga akacheka mpaka akashika mbavu. Kasema baba yake alikufa akiamini kanuni ya supu.


Jumapili, 11 Oktoba

Mara baada ya misa tumerudi malishoni, hatujabadili hata nguo za kanisani. Tumegeuza. Nzito kwanza, na kati ya risasi na risasi tunasubiri mpaka mtutu upoe kwenye kiganja. Zimegusana tena. Kisha nikapiga nyepesi kwa haraka, mtutu moto: zikaruka kila upande!

Baba kanyanyua kikapu cha Shangazi, tupu, akacheza nacho dansi kwenye majani, tai imemkaa begani. Ng'ombe wakakimbia. "Nilikwambia nzito! Nilisema bisi!"

Sijamwona hivi tangu Mama afe. Nimefurahi mno, sikuongeza neno.

Lakini neno lipo. Nyepesi zimeharibika leo kwa sababu zilipigwa moto. Hilo halisemi chochote juu ya kulungu wa mwaka jana. Mwaka jana mtutu ulikuwa baridi, ilikuwa risasi moja tu.

Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.


Jumamosi, 17 Oktoba

Nimekwenda malishoni peke yangu. Nimemwambia Baba naenda kurekebisha waya.

Mfukoni mwa koti lake la sufu kulikuwa na risasi za mwaka jana zilizobaki, zile za dukani, bisi. Nimepiga tatu, kila moja kwa mtutu baridi. Katikati nimekaa, nimekula tufaha, nimeomba zikose. Nani anaomba risasi ikose sahani?

Zimeingia zote. Si kama mayai kwenye kiota, lakini zimeingia, na kulungu aliyesimama ubavu ni mkubwa kuliko sahani mara nyingi. Bunduki haina kosa. Risasi hazina kosa.

Na nimekumbuka kwamba msimu huu wote Baba hajapiga hata moja. Ni mimi tu. Mkono umetulia kwa sababu ya usukani, ati.


Jumatatu, 19 Oktoba

Sijamwambia. Kaniandalia kahawa, kaniuliza tutatengeneza nzito ngapi zaidi. Nimesema nyingi.


Jumanne, 20 Oktoba

Nimemwambia. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno laini, yote yakanitoka kichwani. Nikasema: Baba, nimepiga zile za mwaka jana. Ziko sawa.

Alikuwa anamenya kiazi. Akakimaliza. Akaniambia, "Nundu ya mbele naiona mbili. Wakati mwingine siioni kabisa, naona kiwavi." Ndiyo ile nundu ndogo kwenye ncha ya mtutu, ya kulengea. Kisha akachukua kiazi kingine.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kulungu."

Kumbe alijua. Alijua siku zote, na akaniacha nichome vidole kwenye banda la shira. Ningekasirika lakini sikupata pa kuanzia.


Alhamisi, 22 Oktoba

Baba yuko nje. Anapanga kuni. Kapanga upande wote wa ghala, akaubomoa kwa sababu umepinda, akaupanga upya. Shangazi kapiga simu, kaniuliza ana nini. Nimesema ana kuni.


Jumamosi, 24 Oktoba

Asubuhi nimekuta kopo la tumbaku juu ya meza ya jikoni, na Baba na bisibisi, na bunduki kwenye taulo.

Nyuma ya nyundo ya bunduki kuna skurubu mbili ndogo. Maisha yangu yote nilidhani ni sehemu ya umbo lake. Baba kazitoa, na kutoka kwenye kopo akatoa kijiti cha chuma chenye pete kichwani, na katikati ya pete tundu dogo. Kakifunga pale skurubu zilipokuwa. Kimesimama karibu na jicho, wima.

"Cha baba yangu," kasema. "Alikiweka macho yalipoanza kumchoka. Mimi nilikuwa kijana, nikamwita Mtazama-Tundu. Mtaa mzima ukamwita hivyo mpaka akazikwa. Nilipoirithi bunduki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuking'oa."

"Kwa nini hukukitupa?"

"Cha baba yangu nitakitupaje?"

Tukatoka nje barazani. Akaweka bunduki begani, tupu, akalenga kisanduku cha barua cha jirani. Kijana wangu wa miaka sabini na tisa. Ukikunja ngumi ukaacha upenyo mdogo ukachungulia, vitu vinakuwa safi zaidi. Tundu lile ndivyo linavyofanya kazi. Alikaa hivyo muda mrefu, nikadhani amesahau kupumua.

"Fleurette," kaniambia. "Nundu imerudi. Moja."

Nimelia, na sioni haya. Yeye kasema nisimwagie chozi chuma cha watu, kitashika kutu.


Jumapili, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Tumewaombea wafu wetu, tukaenda malishoni. Majani yameanguka yote, malisho yameungua kwa baridi.

Sasa Baba ndiye anayepiga na mimi ndiye ninayetangaza. Tulianza upya na kila uzani, maana tundu jipya lina tabia yake, na kila uzani ulipata mtutu baridi wake bila upendeleo. Nyepesi aliipiga chini. Ya 220 haikumpendeza, kasema inapiga teke la kitoto. Nzito! Ya kwanza ndani ya sahani. Tukasubiri. Ya pili ndani. Tukasubiri, akanieleza jinsi babu alivyokuwa akimwaga kahawa kwenye kisahani ili ipoe. Ya tatu nje, upana wa kidole.

Nje kwa sababu jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima tukiwa tunasubiri. Tundu lile linataka mwanga. Mwanga ukipungua, anasema anachungulia ndani ya soksi.

Kwa hiyo ndio hivi: tundu linataka mwanga na mtutu unataka subira, na Novemba huku kwetu haina vyote viwili kwa pamoja. Tukianza mapema tutaweza. Nimemwambia amsihi Leland amwachie zamu ya kwanza.

"Nimsihi Leland?" kasema. Kaniangalia kama nimemwambia avae gauni.


Jumatano, 11 Novemba

Theluji ya kwanza imekaa chini. Nyayo kila mahali nyuma ya ghala. Baba kazikagua moja moja kwa fimbo, anapiga mluzi. Kafunga begi lake la kambi tayari! Soksi nne, rozari, karata, nzito ishirini kwenye kopo la tumbaku.


Ijumaa, 13 Novemba

Naandika kwenye boneti ya pikapu ya Hollis, penseli, vidole vimekufa ganzi. Nisipoandika nitatafuna glavu.

Tumefika kambini mchana. Ijumaa tarehe kumi na tatu, Hollis kasema ni mkosi. Baba kasema mkosi ni kulala chumba kimoja na Leland anayekoroma. Maharage yako jikoni tangu asubuhi, hayana mwenyewe bado. Sahani tumezipigilia kwenye ubao mwisho wa njia ya magogo.

Leland kasema zamu tupange kwa karata. Mwenye kubwa anatangulia. Baba kavuta mbili ya shupaza. Wa mwisho. Nikamtazama, akatazama pembeni. Hakusihi.

Hollis zote ndani. Mimi zote ndani, na ya tatu nimeipiga haraka makusudi kuokoa muda, karibu nikose. Leland alichukua muda wake wote, kafuta miwani, kakohoa, kafuta tena. Yake ya tatu imetoboa ukingo wa sahani na kulikuwa na mabishano, yeye akiyashinda peke yake kwa sauti.

Saa tisa na nusu Baba akakaa. Leland akaona kile kijiti chenye pete. Nilingoja neno. Akasema tu, "Cha mzee wako hicho."

"Ndiyo."

"Alinipigia kulungu wangu wa kwanza akiwa na hicho. Mimi nilimjeruhi, yeye akammaliza." Basi.

Ya kwanza: ndani. Katikati kabisa! Hollis akapiga ngumi kwenye mlango wa pikapu.

Baba akafungua leva, akaegemeza bunduki mahali penye upepo, akatoa donati mfukoni. Leland akauliza tunangoja nini. Nikaeleza habari ya mtutu na bomba na maksai wawili. Hollis kashauri autumbukize kwenye theluji.

"Mkeo akipata moto huwa unamtumbukiza kwenye theluji?" Baba akamuuliza.

Ya pili: ndani. Chini kidogo ya ya kwanza. Jua likawa limekaa juu ya miti, jekundu.

Akafungua leva tena. Akaketi tena. Na hapo ndipo tulipo.

Leland kamsogelea, kasema polepole, lakini nimesikia: "Ovila, mbili zinatosha. Nimeona. Twende tukale."

"Sheria yako ni tatu."

"Sheria ni yangu, naweza kuikata."

"Utaniambia hivyo kila mwaka mpaka nife. Tatu, shemeji."

Nimeweka mkono kwenye mtutu: bado vuguvugu. Nimemwambia Baba bado. Kaitikia kwa kichwa, anajua. Jua limezama nyuma ya miti. Sahani kule mbele imegeuka kijivu kama theluji inayoizunguka. Mimi mwenyewe lazima nikodoe macho. Baba kaweka jicho kwenye tundu, katoa, kafuta jicho kwa mkono wa koti, kaweka tena. Hasemi kitu kuhusu soksi. Sahani nyeupe, theluji nyeupe, na mwanga unakwisha.

Ningeweza kumwambia piga sasa, mtutu utavumilia. Ungevumilia? Kwa upana wa kidole, sijui. Najua nilichokiona malishoni.

Leland anatembea kuelekea ubaoni. Hakumwambia mtu. Anazama kwenye theluji hadi magotini, ana miaka sabini na sita na goti bovu. Nilidhani anakwenda kuing'oa sahani, yaishe. Nimeanza kumchukia tena.

Kafika. Kavua kofia yake, ile ya rangi ya chungwa anayolala nayo, kaitundika kwenye msumari chini tu ya sahani. Inawaka. Unaiona hata ukiwa nusu kipofu. Anarudi kichwa wazi, upara unatoa mvuke.

"Ukiigusa kofia yangu," kamwambia Baba, akihema, "utanishonea nyingine kwa mkono."

"Sijui kushona."

"Basi usiiguse."

Baba kacheka. Kaweka jicho kwenye tundu. Mabega yametulia. "Sasa nundu ina pa kukalia," kasema, pole pole, si kwetu.

Nimeweka mkono kwenye mtutu. Baridi kama maji ya kisima. Nimemwambia, Baba, tayari.

Leland kasimama nyuma yake, kamkinga upepo kwa mwili wake wote. Baba anafunga leva.

Naweka penseli chini, nizibe masikio.